Mtoto Aliyekataa Kuitika

Nakumbuka siku moja ambayo kila nikiitaja naketi wima, mwanangu, hata kama mgongo unaniuma. Ni siku ambayo binti yangu Neema alirudishwa kutoka shuleni kabla ya wenzake, magoti yake meupe kwa vumbi. Nilikuwa mama kijana wakati huo. Nilikuwa bado na kiuno, na nilikuwa na mdomo, na waliovijua vyote viwili walisema heri kiuno.

Tulikaa mtaa wa Kasha, kule Bagira, na ilikuwa wakati wa vita ya pili ya kwetu. Mume wangu alikuwa amepanda kwenda mji wa Kamituga na mzigo wa nguo za kuuza, kisha barabara ikafungwa nyuma yake, na habari zake zikawa zinafika kwa midomo ya watu. Nyumbani nilibaki na watoto na baba mkwe wangu, ambaye mimi nilimwita Papa. Alikuwa mzee wa maneno machache. Aliweza kumaliza asubuhi nzima akinoa jembe moja, na ukimwuliza kitu alikujibu jembe likishakata.

Neema alisimama mlangoni akaleta ujumbe kama alivyotumwa: mwalimu anasema mama akuje kesho, na mama asipokuja, yeye Neema asirudi tena. Nikamwuliza amefanya nini. Akasema mwalimu anaita majina asubuhi na yeye haitiki. Nikamwuliza kwa nini haitiki. Akatazama miguu yake.

Lazima uelewe, mwanangu, nafasi ya shuleni ilikuwa na thamani gani siku zile. Watu walikuwa wanashuka kutoka vijijini wakikimbia bunduki, na kila dawati lilikuwa na watoto wanne, na nje ya ofisi ya mkurugenzi wa shule wazazi walisimama wakiomba nafasi. Mtoto akitolewa, mwingine aliketi mahali pake kabla benchi halijapoa. Neema alikuwa darasa la tatu, anajua kusoma kuliko dada zake, na baba yake alikuwa amenikabidhi neno moja tu alipoondoka: watoto wasome.

Kwa hiyo damu ilinipanda. Nilishika mwiko, na sikuwa naenda kusonga bugali. Halafu, kabla sijampiga, hasira yangu ikageuka ikamwendea mwalimu. Mtu mzima anampigisha mtoto magoti juu ya changarawe kwa sababu ya jina? Nikaanza kufunga kitambaa kichwani niende shuleni saa ile ile, nimwambie yote mbele ya wanafunzi wake. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya Kifaransa ya kumtukania.

Papa akatokea na jembe lake mkononi. Kwetu sisi Bashi, mkamwana hapandishi sauti mbele ya baba mkwe, na hiyo desturi, mwanangu, vijana mnaicheka, lakini siku ile iliniokoa. Ilibidi ninyamaze. Akatazama mwiko, akatazama kitambaa, akamtazama mtoto.

"Maman Neema," akaniambia, "huyu mutoto amekula?"

Nikasema bado.

"Basi umupe kwanza chakula. Mutoto mwenye njaa na woga hasemake kweli. Anasemaka tu ile anaona unataka kusikia."

Niliona haya, siwezi kuficha, lakini pia nilikasirika zaidi, maana hakuna kinachomkera mwenye hasira kama kuambiwa apike. Nikasonga bugali kwa nguvu zile zile nilizotaka kupigia watu. Nikapasha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na pilipili. Ilikuwa bugali laini ajabu, wote walikiri. Hasira hasara, wanasema, lakini ukiipeleka kwenye mwiko inaweza kukufaa.

Neema alikula, akanawa mikono, akaenda kuketi karibu na babu yake. Papa hakumwuliza kwa nini hakuitika. Alimwuliza mwalimu wao anaitaje majina. Anasimama wapi, anashika nini, sauti yake ikoje. Alikuwa anauliza kama mtu anayependa kujua tu, huku anafuta jembe. Na mtoto, ambaye kwangu alikuwa bubu, akaanza kueleza. Akasema mwalimu wa zamani, yule mama mnene, alikuwa anamwangalia kila mtoto na kutabasamu. Sasa amekuja huyu mpya, tangu mvua zianze, na huyu anashika kitabu cha majina mbele ya uso, hivi. Akaweka viganja vyake viwili karibu kabisa na pua.

"Sionake uso yake, koko," akamwambia babu yake. "Na baba alisema tusiitike mutu kama hatujaona uso."

Hapo ndipo nilipoyaacha makaa nikageuka. Maana neno hilo lilikuwa letu. Miezi michache kabla ya hapo, jirani yetu mmoja alisikia jina lake nje ya lango, limeitwa kwa upole kabisa kama na rafiki. Akaitika, akatoka, na mke wake hajamwona tena. Baada ya siku ile mume wangu aliwakusanya watoto akawafundisha: mtu akikuita, hata akikuita kwa jina la ubatizo, usiitike, ngoja kwanza uone uso wake. Nyumba nyingi za Kasha zilifundisha hivyo. Watoto wengine walijua kwamba neno hilo ni la langoni. Neema alilibeba lote hadi darasani, na alikuwa amepigishwa magoti siku nyingi kwa ajili yake, bila kulia na bila kutuambia.

Nakwambia, mwanangu, niliona fahari ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya kuzaliwa kwake. Nilikuwa nimeshika mwiko kumpiga mtoto mkaidi, kumbe nilikuwa na mtoto anayelinda neno la baba yake aliye mbali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa ameshakua mbele ya macho yangu nikiwa nashughulika na makaa.

Nikamwomba Papa amlegezee amri hiyo. Nilimwambia yeye ndiye aliyemzaa aliyetoa amri, kwa hiyo ana uwezo wa kusema: shuleni itika, nyumbani usiitike. Papa akafikiri sana, kisha akakataa.

"Vita bado," akasema. "Ukimupa mutoto amri mbili, siku ya hatari atachagua ile mbaya. Mwalimu ndiye mutu mukubwa. Yeye aonyeshe uso."

Halafu akanipa masharti ya kwenda nayo. Nisiende na hasira wala na ndugu. Nisiingie darasani watoto wakiona. Nimsalimie mwalimu kama mgeni wangu, nimwulize anatoka wapi na watu wake wako salama, na neno la mtoto liwe la mwisho. Nilitaka kumwambia kwamba hiyo ni njia ndefu mno ya kufika karibu, lakini nilikuwa mkamwana, nikasema ndiyo, Papa.

Kesho yake nilivaa kitenge changu cha misa nikaenda. Nilingoja chini ya ukuta hadi watoto watoke. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, shati limefuliwa hadi rangi ikachoka, na aliponiona alijikaza kama mtu anayengoja kofi. Nadhani wazazi wengine walikuwa wamenitangulia na midomo yao. Nikampa mkono. Nikamwuliza kwao ni wapi. Akasema upande wa Mwenga. Nikamwuliza kama watu wake walitoka salama, na hapo mabega yake yakashuka. Akanieleza jinsi walivyokimbia usiku porini, yeye na mama yake, na jinsi walivyofika mjini mikono mitupu. Nikamwambia mume wangu naye amefungiwa Kamituga. Tukawa tumekaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yetu yamekunjika, tunazungumza kama watu wa mtaa mmoja.

Ndipo nikamwambia habari ya Neema, na ya jirani, na ya lango. Nikamwambia, "Mwalimu, mutoto wangu hakuzarau. Anangojaka kuona uso yako."

Kisha akachukua kile kitabu cha majina, akakifungua, akakiweka puani mwake.

"Maman, miwani yangu ilianguka mu pori," akasema. "Nisipoweka hapa, sione kitu. Siyamwambia mutu. Wakijua sione, watatafuta mwalimu mwingine."

Fikiri, mwanangu. Mtoto ameficha neno la baba yake, na mwalimu ameficha macho yake, na wote wawili walikuwa wanaumizana kila asubuhi kwa sababu ya hofu ile ile ya vita. Kama ningekuja na kitambaa changu na matusi yangu ya Kifaransa, yule kijana angenijibu kwa ukali, mkurugenzi angeitwa, na dawati la Neema lingepata mwenyewe mwingine siku ile ile. Nilimwahidi sitasema kwa mkurugenzi, na sikusema. Sasa yeye ni mzee mwenye miwani minene na wajukuu, hawezi kunidai siri.

Asubuhi iliyofuata nilijifanya napita karibu na dirisha la darasa. Mwalimu alisoma jina puani, akashusha kitabu, akainua uso akazungusha macho darasani. Akalirudia jina.

"Présente, maître," binti yangu akaitika, na sauti yake ilifika hadi barabarani. Tangu siku hiyo mwalimu alimshushia kila mtoto kitabu, mmoja mmoja, ingawa kuita majina kulikula nusu ya somo la kwanza. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia kama mke wa gavana.

Barabara ya Kamituga ilipofunguliwa, mume wangu alirudi jioni moja, amekonda, viatu havifanani. Akasimama nje ya lango akaita, "Neema!" Kimya. Akaita tena, sauti inatetemeka kwa furaha. Kimya. Nilikuwa jikoni, nilitaka kukimbia, Papa akanizuia kwa mkono. Tulimwona Neema akienda polepole hadi kwenye ufa wa mbao, akaweka jicho lake pale, akatazama. Kisha akafungua komeo kwa mikono miwili, na baba yake akaketi chini palepale matopeni, akalia.

Basi, mwanangu, siku hizi shule inatuma ujumbe kwenye simu, na wewe unajibu kabla hujausoma hadi mwisho, tena kwa herufi kubwa. Nimekuona. Mtoto akileta tatizo kutoka shuleni, lishe kwanza tumbo lake. Usimwulize kwa nini, mwulize ilikuwaje, maana kwa nini ni swali la polisi. Tafuta neno gani la nyumbani kwako amelibeba hadi kule, kwa sababu mara nyingi mtoto anayesumbua darasani anatii kitu ulichomfundisha wewe. Mwalimu mwendee ukiwa umetulia, mwulize watu wake wako salama. Kuuliza si ujinga. Na akikukosea kweli, utamwambia, na atakusikia, kwa sababu ulianza kwa kumsalimia.

Mungu akupe masikio marefu na ulimi mfupi. Akujalie watoto wanaoshika neno, na akujalie maneno yanayostahili kushikwa. Na walio mbali nawe, wa barabara zote zilizofungwa, wafike langoni pako, wakutwe na mtu anayewajua uso.