Nguzo Tisa Chini ya Mashua

Desemba 1978, mvua za vuli zilipokuwa zimekwisha na ngano ya kwetu Ndabibi imeshavunwa, nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na nilinuka lami. Nyumbani kwetu kila kitu kilinuka lami mwezi huo: uji, blanketi, hata nywele za Mama siku ya kwenda kanisani. Baba alikuwa akiichemsha katika debe nyuma ya jiko, akichovya pamba ndani yake na kuziba nayo nyufa za mashua aliyokuwa akiijenga uani, imeinamishwa kifudifudi kama sufuria iliyooshwa. Kwa miaka miwili alikuwa amevua samaki katika Ziwa Naivasha kwa mashua ya kuazima, na sasa alitaka yake. Kabla ya hapo hakuwahi kujenga chombo cha majini. Alikuwa fundi wa nyumba na maghala, na alijenga kwa namna aliyoijua: alichimbia ardhini nguzo tisa za mwerezi, futi mbili kwenda chini, akapigilia mbavu za mashua juu yake, kisha akazifunika kwa mbao.

Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kiasi cha kupenya chini. Baba alipopigilia msumari kwa nje, nilikuwa ndani gizani nimeshikilia kipande cha chuma, ncha ya msumari ikigonga pale na kujikunja. Nikimaliza sehemu moja niliitia nguzo yake alama ya kaa la moto lililozimika, kwa kuwa sikujua kuandika. Kaka zangu walikuwa shuleni. Mimi nililijua jina langu kwa sikio tu. Hata hivyo, Mama alikuwa amefanya mapatano na Baba mbele ya bibi yangu, na hakuna aliyethubutu kuyavunja: mashua ikipita ukaguzi wa uvuvi wa Januari, mimi Wanja ningeanza shule. Isipopita, ningebaki nyumbani kumsaidia Baba kuitengeneza upya, na mwaka uliofuata ningekuwa nimekua mno kukaa na watoto wa darasa la kwanza.

Jumamosi, tarehe 16, majirani kumi na wawili walikuja kuigeuza, jinsi walivyokuwa wakija kuinua paa la nyumba mpya. Mama alipika sufuria mbili za githeri, mahindi na maharagwe. Upande wa kupokelea tulitandika magunia yaliyojaa majani makavu ya ngano ili mashua isianguke kwa kishindo. Wanaume walishika ukingo, wakahesabu, wakainua. Haikusogea. Wakainua tena, na mbao zikatoa mlio mwembamba uliomfanya Baba afumbe macho.

"Baba Wanja," akasema jirani yetu Mzee Njuguna, akijifuta jasho, "hii ni mashua ama ni boma? Imeshika mizizi!"

"Tuimwagilie maji," mwingine akadakia. "Krismasi itakuwa imetoa majani."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba hakucheka. Njuguna alipoleta mtaimbo ili waing'oe kwa nguvu, Baba, kwa aibu, aliupokea. Nilijua mbao hizo; nilikuwa nimezishikilia moja moja. Zingepasuka, na shule yangu ingepasuka nazo.

"Baba, kuna nguzo tatu bado," nikasema.

"Nilizikata zote jana."

"Ulikata sita, za pembeni. Za katikati hukuzifikia. Nilizitia alama, ni tisa."

"Haya basi!" Njuguna akasema. "Ambaye hajaingia darasani ametuletea hesabu!"

Baba alinitazama, akauweka mtaimbo chini, akanipa msumeno mfupi. Nilitambaa chini ya ukingo. Unga wa mwerezi uliniingia puani na mdomoni, lakini nguzo ya kwanza ilikatika. Nikapaza sauti, "Moja!" Niliposema "Mbili!" nilisikia mtu akiirudia. Ya tatu tuliitamka pamoja, mimi chini na wanaume kumi na wawili juu, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Njuguna. Nilipotoka, mashua iliinuka kama kifuniko cha chungu, ikasimama ubavu, ikalala juu ya magunia bila ufa hata mmoja. Uani zilibaki nguzo tisa fupi, kila moja na alama yake nyeusi. Njuguna alizihesabu kwa kidole, kisha akanivulia kofia.

Mkaguzi wa uvuvi alikuja Alhamisi, tarehe 4 Januari 1979. Aliigonga mashua kila mahali, akaipitisha. Alipofika kwenye jina la mjenzi katika cheti, Baba alisema, "Andika wawili." Mkaguzi akaandika jina la Baba, naye Baba, ambaye hakujua kuandika, akabonyeza kidole gumba chenye wino badala ya sahihi. "Wa pili ni huyu binti. Lakini mwachie mstari wazi. Anaanza shule Jumatatu." Mkaguzi alicheka, lakini mstari aliuacha.

Leo naishi mtaa wa Free Area, Nakuru. Mume wangu alipofariki, nilisoma mwenyewe kila ukurasa wa hati za shamba letu kabla ya kutia sahihi, na wakili alilazimika kungoja. Mashua za ziwani sasa hununuliwa zikiwa tayari, nyepesi, za rangi ya kupendeza, na wajukuu wangu huamini kwamba shule ni kitu ambacho kila mtoto hukikuta kikimngoja. Nafurahi waamini hivyo. Lakini shule yangu niliipata kwa msumeno, na cheti kile kimetundikwa ukutani kwangu.

Muhula wangu wa kwanza ulifungwa Ijumaa, tarehe 6 Aprili 1979. Jioni hiyo Baba alikitoa cheti katika sanduku, akaipangusa meza mara mbili, akanipa kalamu. Niliandika herufi tano za jina langu, kubwa mno, zikatoka nje ya mstari. Baba aliziangalia, kisha akaniuliza ni wapi zinaanzia. Nilimwonyesha, naye akazifuata kwa kidole gumba, taratibu, bila kuugusa wino, hadi mwisho.