Honi ya Muuza Samaki

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu ilianza kwa uyoga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha hapa Nambambo, na kulipokucha kila mwenye kikapu akapanda msituni, kwenye njia hiyohiyo ya mlimani ambako siku hizi mnafanyia mashindano na baiskeli zenu za gia. Egemeza hiyo baiskeli ukutani, ukae nikusimulie. Huna pa kukimbilia, chai yenyewe bado haijachemka.

Nilikwenda na dada yangu Somoe, bibi yako mzaa mama, Mungu amrehemu. Alikuwa na mimba ya mama yako, nayo ilikuwa imefika pale ambapo wanawake wakikutana na wewe njiani wanakuuliza, "Bado tu?" Kabla yake alikuwa ameshazika watoto wawili wachanga. Kwa hiyo nyumbani tulilichunga tumbo lile kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Mama alimkataza kabisa kupanda mlima, lakini Somoe alisema akibaki ndani peke yake atawaza mambo mabaya, na dada yangu akishasema kitu umeshindwa. Unafikiri ubishi wako umeutoa wapi?

Tena alikuwa na hamu ya samaki, jamani! Si uyoga, si kisamvu, alitaka samaki. Muuza samaki wetu alikuwa akileta ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kutoka Lindi, anazunguka nao vijijini kwa baiskeli, tenga limefungwa nyuma. Mwenyewe hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na honi ya mpira, ile ya kubinya, paa-puu, paa-puu, na ukiisikia unaacha ulichoshika unatoka mbio. Siku zile mvua ilikuwa imekata barabara na hatukumwona. Somoe alikuwa anakula ugali huku ametega sikio.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Saidi, mtu wa Matambarale, upande wa Ruangwa. Alikuja kukaa kwa mjomba wake hapa kumsaidia kupalilia. Kijana mzuri, sikatai, lakini kwa baiskeli alikuwa amepagawa. Alikuwa anaisukuma mpaka juu kabisa ya mlima ule, halafu anateremka nayo katikati ya miti, bila kushika breki, miguu ameinyanyua, anapiga makelele ya furaha. Hakuna aliyemkataza. Hata sisi wasichana tulikuwa tunasimama kumtazama, usimwambie mtu.

Lakini njia ile si ya mtu mmoja. Ni ya wachota maji, ya wakata kuni, ya wagonjwa wanaopelekwa zahanati, ya watoto wa shule. Saidi alilijua hilo, na kwa akili yake akaona kengele ya baiskeli haitoshi, haisikiki mbali. Akatafuta kitu kinachosikika. Basi akaenda sokoni Nachingwea akarudi na honi ya mpira, ndugu kabisa wa ile ya muuza samaki.

Sisi tumeinama tunachuma uyoga, hatuna habari na honi hiyo mpya. Mara tukasikia huko juu: paa-puu!

Somoe akainuka. Mimi sijapata kumwona mja mzito akiinuka namna ile. "Esha! Samaki!" Kikapu akakibwaga pale, uyoga ukamwagika, na yeye huyo anakimbilia njiani. Nikamfuata namwita, "Dada, taratibu!" Wapi! Na si yeye tu. Kila kichaka kikatoa mtu. Watu wakajaa njiani, wanasukumana kila mmoja awe wa kwanza kuchagua.

Saidi akatokea kwenye kona, anakuja kama jiwe lililoporomoka. Alipoona watu, akabinya honi kwa nguvu zaidi ili wapishe. Na kadiri alivyobinya ndivyo walivyozidi kutoka. Dada yangu alisimama katikati ya njia, amenyoosha mkono, anamsimamisha: "We baba samaki, simama hapa!"

Nilifumba macho. Nilisikia kishindo na matawi yakivunjika. Nilipofumbua, Saidi alikuwa amejitupa kwenye miiba, baiskeli imening'inia mtini, gurudumu bado linazunguka. Hakumgusa Somoe. Lakini Somoe, kwa ule mshtuko, alirudi nyuma, akateleza, akaanguka chini, puu! Akakaa kwenye tope.

Saidi akatoka miibani, mkono mmoja unaning'inia, umevunjika. Unajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? "Nyie watu mna wazimu? Honi hamuisikii?"

"Tumeisikia!" nikamjibu, nimepandwa na hasira. "Unafikiri tumefuata nini hapa? Samaki wako wapi?"

Siku nyingine watu wangecheka. Lakini Somoe aliweka mkono tumboni akaniangalia, na yale macho mpaka leo nayaona. Akasema kwa sauti ndogo, "Esha, mtoto hachezi."

Katika wachuma uyoga alikuwemo Binti Hamisi, mkunga wetu, mwanamke mfupi mwenye maneno makali. Alipiga magoti kwenye lile tope akaweka sikio kwenye tumbo la dada yangu. Akahamisha sikio huku. Akahamisha kule. Somoe alikuwa amenishika mkono anaubana mpaka unauma, na mimi namwomba Mungu tu, asiwe wa tatu, Mungu wangu, asiwe wa tatu. Saidi naye alikuwa amesimama na mkono wake uliovunjika. Hasira yote ilikuwa imemtoka.

Halafu Binti Hamisi akacheka. "Yumo," akasema. "Amenipiga teke la sikio, huyu mkorofi." Nililia kwa sauti kama mtoto.

Tulimsimamisha dada taratibu. Binti Hamisi akajipangusa magoti, akamgeukia Saidi. Nilifikiri atamtukana. Hakumtukana.

"Baba," akasema, "wewe umeita watu. Watu wameitika. Sasa unawagombeza kwa nini?"

"Sikuwaita, bibi. Nilitaka wapishe."

"Hiyo honi hapa kwetu haisemi pisheni. Inasema njooni. Wewe ulijua unachotaka kusema, lakini hukujiuliza sisi tutasikia nini. Mdomo unao. Piga hodi, taja jina lako, tutakupisha. Na ukiona watu, shuka. Miguu nayo unayo." Kisha akamtazama Somoe, akatikisa kichwa. "Na huyu ameitiwa samaki. Samaki atamleta nani?"

Mkono wa Saidi ulifungwa huko hospitali ya misheni. Tangu hapo mpaka Somoe alipojifungua, ndiye aliyekuwa akienda Nachingwea kumtafutia ng'onda, kwa miguu, baiskeli anaiburura kwa mkono mmoja. Akifika juu ya mlima anapaza sauti: "Hodi jamani! Ni mimi Saidi, nateremka! Na leo samaki ninao kweli!" Watu wanavunjika mbavu huko vichakani, lakini njia wanampa.

Mama yako akazaliwa, mzima, ana sauti ya kuamsha kijiji. Siku ya kumtoa nje watu walikusanyika uani, na Saidi alikuja akasimama nyuma kabisa, karibu na banda la kuku. Binti Hamisi akamwona. Akamchukua mtoto kwa Somoe, akapita katikati ya wazee wote waliokuwa wanangoja kumbeba, akaenda mpaka pale bandani, akamweka mikononi mwa Saidi.

"Mpime," akamwambia. "Uzito wake ndio huo. Ulikuwa hujamwona, sasa umemwona. Kila ukipanda baiskeli, uukumbuke."

Saidi alilia mbele ya watu wote, mwanamume mzima, machozi yanadondokea kwenye kanga ya mtoto, na hakuna aliyemcheka.

Sasa wewe. Jumamosi nilikuona unateremka, na ile spika yako umeifunga kwenye usukani, singeli inalia mlima mzima. Unafikiri umewaonya watu. Umewaonya watu wazima, sawa, wanaruka pembeni wanakulaani. Lakini watoto, mwanangu! Wakisikia muziki watoto wanakimbilia wapi? Wanakuja kuucheza. Unawaita kama Saidi alivyomwita bibi yako, halafu kwenye kona unawakuta.

Sikukatazi baiskeli. Teremka, furahi, ujana ndio huo, na mimi nikikuona roho yangu inafurahi ingawa natukana. Ila penye watu zima muziki, tumia sauti yako, sema wewe ni nani. Anayepanda na mzigo mpishe wewe, usingoje akupishe yeye. Ukikuta mzee au mja mzito shuka kabisa, umsalimie, baiskeli uiburure mpaka umpite. Na usimkasirikie mtu kwa sababu hakukuelewa, jiulize kwanza wewe umemwambia nini. Hilo ulichukue hata nje ya baiskeli, utaiona faida yake utakapooa.

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu akupe nguvu ya kupanda na akili ya kushuka. Akulinde kwenye kila kona usiyoiona mbele. Akufikishe salama, mwanangu, na awafikishe salama wote utakaopishana nao.