Bi Lebo na Kopo la Kafuri

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne, Bi Lebo anafagia mbele ya duka la vipodozi huku akitupia jicho kona ya barabara. Shangazi yake, mwenye duka, si mtu wa kuchelewa. Saa mbili kasorobo simu inalia. Ni binamu yake.

"Dada, funga duka uje. Mama hajaamka."

Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita, siku shangazi alipofariki. Sasa Bi Lebo, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, anasimama nyuma ya kaunta peke yake. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa hauzi poda wala mafuta ya mtoto mchanga kabla ya kusoma lebo yote kwa sauti, hata maandishi madogo kama punje za mtama.

"Ugonjwa huu niliambukizwa na shangazi," anasema na kucheka.

Ulianza miaka kumi na miwili iliyopita. Binti yake wa kwanza alikuwa na wiki tano, mafua yamembana. Bi Lebo akampaka kifuani na chini ya pua dawa ya kuchua yenye kafuri, ileile aliyozoea kujipaka mwenyewe. Mtoto akaanza kuhema kwa shida.

"Shangazi alimnusa tu, akajua. Akamfuta kwa maji ya vuguvugu, akambeba mbio hadi zahanati. Tuliporudi ndipo akaniambia, 'Mwanangu, ngozi ya mtoto si ngozi yako iliyopunguzwa. Inanyonya kila unachokipaka. Kesho njoo dukani nikufundishe kusoma.'"

Binti huyo yuko darasa la sita. "Hata nikimfokea aoshe vyombo, moyoni nasema asante."

Lakini shangazi alitiiwa kwa mvi zake. Bi Lebo, wateja wanabishana naye, na hofu yake ni mtoto mmoja kudhurika kwa sababu hakusikilizwa. Wiki iliyopita baba mmoja kijana alitaka kopo la kafuri.

"Mtoto ana siku ngapi?"

"Kumi na tisa. Kwani unauza dawa au unahesabu watu?"

"Hii ni ya waliovuka miaka miwili, kaka. Imeandikwa hapa. Anahema vipi?"

"Kama baiskeli mbovu."

"Basi mpeleke zahanati sasa hivi."

"Yule bibi angeniuzia."

"Yule angekufukuza kwa ufagio. Mimi nakuomba."

Akaondoka bila kuaga. Duka la jirani lina kafuri hiyohiyo, na Bi Lebo alishinda bila kula.

Saa kumi kijana akarudi na mkewe, mtoto kifuani. Zahanati walikuwa wamemsafisha pua na kukataza chochote chenye harufu kali.

"Jirani yako alishafungua kopo," akasema. "Nikakumbuka ulivyoniomba. Ahsante, dada."

Wakanunua mafuta yasiyo na marashi.

Muuguzi wa zahanati alipoisikia habari hiyo, alimwita azungumze na kina mama wanaosubiri chanjo. Bi Lebo alisita.

"Nimeishia kidato cha nne. Nitawafundisha nini?"

"Kusoma lebo," muuguzi akajibu.

Anaanza Alhamisi hii. Siku hiyo, kila wiki, duka litafunguliwa saa tano, akishatoka zahanati.