Siku Pistoni Ilipojamu Njia ya Mbebe

Siku yangu ya kwanza kama mratibu wa chanjo, Mganga Mkuu wa Wilaya alinikabidhi pikipiki kuukuu na sanduku la baridi, lile la kubebea chanjo na barafu. Akaninyooshea kidole. "Sikiliza, bwana. Pikipiki ya serikali haiachwi njiani. Umeelewa?" Nikaitikia kama askari. Nilikuwa mwoga wa mabosi, sifichi.

Pikipiki zile zilikuwa na kisirani chake. Oili ilichanganywa na petroli humo humo tangini, kwa hiyo ukifunga koki ya mafuta, umefunga na oili. Nyie vijana wa siku hizi hamuijui adha hiyo. Sisi kwenye mteremko mrefu wa kwenda Mbebe tulijidai wajanja: tunafunga mafuta, gia imeshika, tunashuka tukijisifu kwa kubana matumizi. Siku moja, kliniki ya watoto ikiningoja, nilishuka hivyo hivyo. Katikati ya mteremko tairi la nyuma likagoma. Injini ilikuwa imezunguka kavu bila oili, pistoni imejamu.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Atupele, aliyetengeneza mashine za kumenya kahawa za kijiji kizima. Alikuja na spana zake, tukaitoa gia na kuisukuma hadi uani kwake, akagusa injini, akaguna.

"Inaunguza. Tuiache ipoe, nitoe plagi, nidondoshee oili humo, niitikise taratibu. Ni mpaka jioni, baba."

Jioni! Barafu ingekuwa maji zamani, na chanjo ikishapata joto si chanjo tena. Nikasema basi tuimwagie maji ipoe haraka.

"Thubutu! Itapasuka."

Nikakaa juu ya jiwe, nimeshika kichwa. Akanitazama.

"Kwani huko Mbebe wanasubiri pikipiki?"

"Bosi kasema isiachwe njiani, mama."

"Haipo njiani, ipo kwangu. Haya, nyanyuka!"

Niliona aibu kwelikweli. Nikajitwika sanduku, mwanamume mzima, nikateremka kwa miguu. Kila niliyekutana naye aliuliza pikipiki iko wapi. Nilikuwa na hasira, nikazidi kukaza mwendo.

Niliwakuta akina mama wameshafunga watoto migongoni, wanataka kuondoka. Nesi alitoa pakiti za barafu, akazitikisa sikioni. Vipande vikagonga ndani.

"Bado ipo," akasema. "Leteni watoto."

Kesho yake nilimweleza Mganga Mkuu kisa chote, nikingoja kufokewa. Kumbe cha kwanza alichouliza ni kama watoto wote wamechanjwa. Pikipiki ilikuwa imeshapona, nami nimeirudisha mwenyewe.

Sasa nimestaafu, niko kijijini Ihanda na shamba langu la kahawa, magoti yananisumbua. Wajukuu wakilia huwa nafoka upesi, wananijua. Lakini siku ile, mtoto wa kwanza alipochomwa sindano akaangua kilio, nilikaa chini pale pale kliniki nikacheka mpaka machozi yakanitoka.