Chaguo la Saba

Ni mimi niliyekata mtandao wa Kutulo. Kwa wiki sita nilisema ni vumbi, nikasema ni joto, na siku moja, Mungu anisamehe, nikasema nyani wamechezea mnara.

Nilikuwa nasimamia kompyuta za ofisi ya mifugo mjini Garissa. Kwa kweli kompyuta ilikuwa moja, kubwa, na ndani yake ziliishi kompyuta pepe tisa, kila moja ikiamini iko peke yake duniani. Kila moja ilikuwa na kadi ya mtandao isiyokuwepo: programu tu inayojifanya kadi, nasi tukiiita kiendeshi. Kiendeshi chetu kilikuwa na machaguo saba ya zamani, yaliyoachwa na watu waliokwisha kustaafu ili kielewane na mifumo mikongwe. Kila nilipotengeneza kitu, moja kati ya hayo saba lilikiharibu. Nina shahada mbili na sipendi takataka. Nikaandika barua pepe: anayetumia machaguo haya aseme ndani ya siku kumi na nne. Hakuna aliyesema. Nikayafuta yote, nikajipongeza kwa chai ya maziwa ya ngamia.

Kesho yake asubuhi ripoti ya jana ya kituo cha Kutulo ilikuwa haijaingia. Karani wa mifugo wa huko alikuwa akituma kila jioni hesabu ya mbuzi wagonjwa. Ripoti zake zilipokelewa na kompyuta pepe iliyo kongwe kuliko zote, nayo ilitambua kadi ya aina moja tu, ile ya chaguo la saba. Niliyaona hayo kabla ya saa nne asubuhi. Kulirudisha ni kazi ya dakika kumi. Lakini nilikuwa nimeshauhakikishia mkutano mzima wa ofisi kwamba hakuna kitakachoharibika.

Karani akapiga simu. Nikamwambia apanguse vumbi kwenye mashine yake. Akapangusa, akanitumia na picha. Iling'aa. Mkurugenzi wetu alipouliza, nikamwambia tatizo liko Kutulo, si kwetu.

Chanjo hugawiwa kwa kufuata ripoti, kwa hiyo Kutulo ikatoka kwenye orodha. Wiki ya sita karani akapiga tena. Tulisalimiana kwa urefu unaostahili: watoto, mvua, ngamia, afya ya mama yangu ambaye hajawahi kumwona.

"Abaayo," akasema, yaani dada, "mkurugenzi ameniandikia barua. Anasema mimi mvivu. Niko na siku saba kujieleza, ama kazi imeisha. Nijieleze nini? Mashine nimepangusa mpaka inaona haya."

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba huenda kuna kitu nilikiondoa huku kwetu, lakini nilitoa tangazo.

"Tangazo wapi?"

"Kwa barua pepe."

"Wallahi! Umekaa na sisi miaka ngapi, abaayo? Kisima ikifungwa, tunabandika karatasi kwa kisima? Si mtu anatumwa mpaka kwa wale wamehama na ngamia? Asiyekuwepo ndiye anaulizwa kwanza. Wale wako hapa wanajua njia ingine."

Nilikuwa nimewahi kuhudhuria kikao cha kuamua kufunga kisima. Wazee waliahirisha uamuzi kwa siku nne wakimngoja mjumbe arudi kutoka malishoni, nami moyoni nikaita hiyo kupoteza wakati.

Bado naamini machaguo yale yalistahili kuondoka. Sita sikuyarudisha, wala sitayarudisha. La saba nililirudisha alasiri hiyo, kisha nikakaa kutazama. Ripoti za Kutulo zikaanza kumiminika, zote zilizokuwa zimekwama, moja kwa kila jioni. Karani hakuwa amekosa hata siku moja.

Ningeweza kutangaza kwamba mtandao umerudi, nikanywa chai yangu. Badala yake nikampigia mkurugenzi.

"Kosa la Kutulo ni langu," nikamwambia. "Nilifuta kitu walichokuwa wakikitegemea, nikajua, nikanyamaza."

"Na karani?"

"Alituma kila siku. Ripoti zake ziko mbele yangu."

Nikasikia kiti chake kikilalamika.

"Madam, mimi nilitia sahihi barua ya kutishia kumfukuza mtu kwa neno lako."

"Najua."

"Basi barua naichana. Chanjo za Kutulo zinaondoka kesho asubuhi kwa gari letu. Dereva ana nafasi moja mbele, hiyo ni yako. Utazikabidhi mwenyewe, na utamwomba karani radhi mbele ya wenye mbuzi."