Aliyenipisha Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipofika mbele ya ofisi ya Serikali mjini Mombasa nimevaa kanzu ambayo mama aliipiga pasi mara mbili, nikamkuta kijana mmoja ameketi juu ya ngazi anavaa viatu. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alitoka Kisauni, ng'ambo ya maji, na wakati huo hapakuwa na daraja. Watu walivuka kwa mashua na kushukia majini. Viatu alivivua ndani ya mashua, akavishika mkononi njia nzima, asije akaingia kazini siku ya kwanza na viatu vinavyolia maji.

Jina lake lilikuwa Yohana. Alisomeshwa na wamisionari, na Kiingereza chake kilinyooka. Mimi Athmani nilikuwa mtoto wa Kibokoni, nimesoma chuo cha Kurani, na Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kusoma maandishi ya masanduku pale forodhani na kumsumbua kila aliyekubali kusumbuliwa. Tuliitwa sote wawili tuanze ukarani siku ile moja.

Tulipokwisha amkiana alisimama, akausukuma mlango, akanishikia.

"Pita, bwana."

"Wewe ndiye uliyefika kabla yangu," nikamwambia.

"Wewe ni mwenyeji wa mji. Mimi nimetoka ng'ambo. Pita."

Nikapita. Ndani alikuwa karani mkuu, Mzee Nasoro, mtu mwembamba aliyechovya kalamu kwa adabu kama achovyaye mkate katika chai ya watu. Aliniuliza jina langu, akaliandika. Kisha akamuuliza Yohana, akaandika la kwake chini ya langu. Hatukufikiri neno. Tulikuwa vijana wawili tuliopata kazi, na furaha yetu haikuwa na nambari.

Lakini lazima nikueleze desturi ya ofisi ile, maana habari yote imesimama juu yake. Ukubwa ulihesabiwa kwa kuingia. Aliyetangulia kuandikwa alikaa karibu na dirisha, penye mwanga. Yeye ndiye aliyechagua likizo kwanza, na kiti cha mbele yake kilipokuwa wazi yeye ndiye aliyesogea, na wote waliokuwa nyuma wakasogea kwa mpango huo huo. Mwandiko wako ungeweza kuwa mzuri kama wa mashine, usingekupeleka mbele hata meza moja. Hata kikombe cha kahawa kilipopita asubuhi kilifuata safu ile.

Basi waliotutangulia walipokwisha ondoka, kwa miaka mingi mimi nilikaa dirishani na Yohana alikaa nyuma yangu. Usidhani tulikaa kwa ubaya. Sikukuu ya Krismasi nilivuka kwenda kula kwake, na Idi alikuja kwetu Kibokoni, na mama alimwekea mkate wa mofa hata siku ambazo si za Idi. Ijumaa nilipokwenda msikitini, kazi yangu aliimaliza yeye. Mashua ilipochelewa, nilifungua daftari zake nikaanza kuandika, Mzee Nasoro akajifanya haoni.

Mwisho Mzee Nasoro akawa haoni kweli. Ukungu ulimwingia machoni, akaiacha kazi, akakaa nyumbani kwake. Kiti cha karani mkuu kikawa wazi.

Bwana Mkubwa wetu, Mwingereza aliyeletwa karibuni kutoka Unguja, alishuka siku moja katika kile kigari cha kusukumwa juu ya reli za mjini, akaingia, akasema atamchukua mkubwa wa makarani. Ni nani mkubwa? Macho ya watu yote yakaja dirishani kwangu. Nikaanza kuinuka.

Yohana alikuwa amekwisha simama.

"Mkubwa ni mimi, bwana. Siku tuliyoanza kazi nilifika mlangoni kabla yake."

"Majina yanasema Athmani."

"Majina yalifuata mlango, bwana, na mlangoni nilimpisha."

Bwana Mkubwa alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa na wakati wa milango. Alisema tukapatane, Jumatatu twende chumbani kwake na jibu moja. Alipotoka tu, nikageuka.

"Miaka yote hii, Yohana, ulikuwa ukiliweka hilo moyoni?"

"Sikuliweka. Lilikaa lenyewe."

"Ulikuwa umeketi wavaa viatu. Ningengoja mpaka lini?"

"Nilikuwa nimekwisha vaa."

"Kimoja."

"Vyote viwili, Athmani. Nilisimama nikakushikia mlango. Ningesimama na kiatu kimoja, mimi korongo?"

Karani wa tatu, aliyeitwa Msa, mtu asiyeweza kuzuia ulimi wake, akasema, "Basi viatu viitwe vitoe ushahidi." Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu sisi wawili hatukucheka.

Mwanangu, nilishangaa jinsi jambo dogo linavyoenea. Kesho yake ofisi ilikuwa na pande mbili. Waliotoka mitaa yetu walikuwa upande wangu, na wa Kisauni na wa bara walikuwa upande wa Yohana. Watu waliokuwa wakinywa kahawa pamoja wakaanza kusema "wale" na "sisi", na mara wakaingiza dini, ambayo haikuwamo kabisa. Mimi na Yohana tukaacha kuamkiana. Nilikaa nimempa mgongo, na mgongo wangu ulijua kila alipokohoa.

Nyumbani hali haikuwa nyepesi. Nilipomweleza mama kwamba cheo kina mgogoro, aliweka chini ungo wake.

"Mwanangu, mimi nimekwisha pokea hongera za mtaa mzima. Mke wa sonara amekuja, na wale wa nyumba ya pembeni wamekuja na halua. Sasa nitazirudisha vipi?"

Mama alikuwa mjane aliyenilea kwa kushona kofia, na kwake yeye kiti kile kilikuwa mwisho wa kushona. Hilo ndilo lililonikaza. Kama lingekuwa la fahari yangu tu, labda ningelegea mapema.

Nikakumbuka kwamba shahidi mmoja yuko hai. Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, nikashika njia kwenda kwa Mzee Nasoro. Sikujua kwamba Yohana amefikiri vile vile na kuvuka maji kwa ajili hiyo. Tulifika pamoja, yeye akitokea juu ya njia na mimi chini.

Mlango wa mzee ulikuwa wa pande mbili, na upande mmoja ulikuwa umefungwa komeo. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Siku nyingine yoyote tungesimama pale tukibembelezana, pita wewe, la, pita wewe, mpaka kahawa ipoe. Siku ile Yohana hakusema pita, kwa sababu neno hilo lilikuwa limemgharimu. Nami sikusema, kwa sababu niliogopa litanigharimu. Tukaingia wote kwa mara moja, tukakwama bega kwa bega, na mbao zikalia.

"Ni nani anayenivunjia mlango?" Mzee Nasoro aliuliza kutoka ukumbini.

"Ni mimi, Athmani."

"Ni mimi, Yohana."

"Macho yangu ni mabovu," akasema, "lakini naona mtu mmoja mpana mwenye vichwa viwili. Mwambieni aingie kwa zamu."

Tukajinasua. Hata leo sijui ni nani aliyeingia kwanza, na nafurahi kwamba sijui.

Alituketisha, akatutilia kahawa kwa kupapasa, akatuacha tuseme. Yohana alisema yake na mimi nilisema yangu, na viatu vikatajwa tena. Mzee alingoja mpaka tukachoka.

"Yohana, ulimpisha huyu?"

"Nilimpisha."

"Alikuomba?"

"La, mzee."

"Na sasa wataka akurudishie."

"Nataka haki yangu."

"Basi hukumpisha, ulimkopesha. Ungemwambia siku ile ile, naye angejua anapita kwa deni."

Yohana akainamisha kichwa. Mimi nikatabasamu.

"Na wewe usicheke," mzee akasema.

"Sicheki, mzee."

"Wacheka. Nasikia. Siku ile macho yangu yalikuwa mazima, Athmani, nami nilikuwa nimekaa nikielekea mlango. Uliposhikiwa ulipita, ukaja moja kwa moja mezani kwangu kama mtu aliyetumwa na mfalme. Hukugeuka. Kulikuwa na upepo wa bahari, na mlango ukamfungia mwenzako nje. Jina lako lilikuwa limekwisha kauka wino alipopata kuufungua."

Hilo nilikuwa silijui. Nikamtazama Yohana.

"Mlango ulikufungia?"

"Ulinipiga hapa," akasema, akagusa paji la uso.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ilikuwa siku ya kwanza ya kazi."

Nje mtu alipita akiuza maji. Mzee Nasoro alizungusha kikombe chake mkononi, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mtu akikupisha, pita. Kushindana naye mlangoni ni kumrudishia heshima aliyokupa. Lakini ukishapita, geuka umngoje, muingie chumbani wote wawili. Watu hawakuanza kupishana ili mmoja afike peke yake."

"Na cheo, mzee?" nikauliza, maana nilikuwa kijana na bado nilikuwa na mama.

"Cheo ni cha Serikali, itampa itakayempa. Mimi ushahidi wangu nimekwisha toa. Nyweni kahawa."

Jumatatu nilifika mbele ya chumba cha Bwana Mkubwa nikamkuta Yohana amesimama, viatu vimefungwa vizuri. Tuliamkiana, sabalkheri kwa sabalkheri, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule. Kisha akausukuma mlango, akaushika.

"Pita, Athmani."

Mara hii alijua anachotoa. Nilimwona usoni. Nikapita, na baada ya hatua mbili nikageuka, nikaushika mlango kwa ndani mpaka naye akaingia. Tukaenda mpaka mezani bega kwa bega, bila kukwama.

"Haya," akasema Bwana Mkubwa, "ni nani mkubwa?"

"Jina lake lilitangulia, bwana," akajibu Yohana. "Sina madai."

Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Kunyamaza tu kungetosha, na kiti kingekuwa changu, na hakuna mtu Mombasa nzima ambaye angesema nimeiba. Nilimfikiria mama na kofia zake. Nilifikiria pia paji lile la uso.

"Lilitangulia kwa sababu sikumngoja, bwana," nikasema. "Alifika kabla yangu, akanishikia mlango, nami nikamwacha nje."

Bwana Mkubwa aliweka kalamu chini. Alitutazama kama mtu aliyekuja kuamua vita akakuta arusi. Akafikiri kidogo, akatuuliza umri wetu. Yohana alinizidi.

"Kama mnalingana, nitamchukua mwenye umri mkubwa," akasema. Akaishika kalamu tena. Yakaisha.

Sitakudanganya kwamba sikuumia. Nilirudi Kibokoni kwa njia ya mbali, nisikutane na watu. Nilimweleza mama yote, tangu mlango wa kwanza mpaka wa mwisho. Alishona mpaka mwisho wa uzi, akaukata kwa meno.

"Basi zile hongera si zetu," akasema. "Zipelekwe kwa mwenyewe."

Asubuhi yake alioka mkate wa mofa, akaufunika kwa kitambaa, akavaa buibui, akavuka maji kwenda Kisauni kumpongeza mke wa Yohana. Mama aliogopa mashua kuliko kitu chochote, na mimi sikumwambia aende. Aliporudi pindo la buibui lake lilikuwa limelowa, na alikuwa amepewa kuku.

Nilifanya kazi chini ya Yohana mpaka alipohamishwa Nairobi, ndipo nilipokaa katika kiti kile, nami nilikikalia mpaka nilipoacha kazi. Miaka yote hiyo tulipofika pamoja kwenye mlango wowote, aliyekuwa mbele aligeuka. Hatukuwahi kulizungumza. Makarani wadogo waliona, wakafanya vile vile, na nasikia hata Msa alifanya, ingawa kwa mizaha.

Nimekuandikia haya, mwanangu, kwa sababu nasikia nawe unahesabu miaka yako ofisini, na umeona mtu aliyeingia nyuma yako anawekwa mbele. Haki yako idai, sikukatazi. Idai mapema, kwa maneno machache, mbele ya mwenye kuamua, wala usiiache ichachuke kifuani mpaka iwe na upande na dini. Lakini kabla hujadai, pambanua vizuri kati ya ulichodhulumiwa na ulichotoa kwa mkono wako mwenyewe. Ulichotoa kiache kiende. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayetangulia, maana siku hiyo huja kwa watu wengi, mtazame aliyekushikia mlango. Yuko. Kila aliyepanda, yuko mtu aliyemshikia. Mngoje aingie.

Mungu akufungulie milango yako yote, mwanangu, akupe na shingo nyepesi ya kugeuka. Amina.