Boya la Shaba

Fundi wa gereji ya nyuma ya kanisa, hapa mjini Faenza, hatafuti uvujaji wa petroli kwa macho. Huipaka kabureta chaki nyeupe pande zote, kisha huwasha injini na kusubiri, mikono mgongoni, mpaka aone chaki inalowa wapi. Vidole vyake vinene hushika skrubu ndogo kama anaokota chembe za chumvi. Sauti yake inakwaruza, na mteja akitia neno humkatiza palepale: "Wewe endesha, mimi nitengeneze." Loredana alimsikia akimwambia hivyo mumewe, Gualtiero, aliyeshikilia kwamba kibovu ni boya, kile kidude cha shaba kinachoelea ndani ya kabureta na kufunga petroli inapojaa. Fundi akabadilisha gasketi tu, kile kizibo cha maungio, kwa mara ya tatu. Gualtiero akaondoka na gari lake la zamani, na yeye na fundi hawakusemezana tena.

Miezi miwili baada ya mazishi ya mumewe, Loredana alilirudisha gari peke yake. Safari hii fundi alilichomoa boya, akalitikisa sikioni. Akalitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Viputo vikapanda kutoka kitundu kidogo kuliko ncha ya sindano. Kumbe miaka yote petroli ilikuwa ikiingia humo, boya likizama, kabureta ikifurika. Fundi akavua kofia.

"Alisema ni boya," akanong'ona.

"Hata hospitalini alisema," Loredana akamjibu. "Akaniambia, siku fundi akijua, nisimcheke."